SOMO LA MWEZI: SHERIA YA KIJESHI NI NINI, NA HUMGUSAJE RAIA?



Tangu uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, swali moja limekuwa likizunguka nje ya kanisa baada ya ibada na katika vikundi vyetu vya nyumbani. Siku ile jiji la Dar es Salaam liliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikakatwa, na askari wa Jeshi la Wananchi wakaonekana barabarani pamoja na polisi. Watu walikufa. Ndipo wengi wakaanza kuulizana: je, hii ndiyo sheria ya kijeshi? Wako wasemao ndiyo, wako wasemao sivyo, na wako waombao kwamba neno lenyewe lisitajwe kabisa, hasa mbele ya watoto.

Somo hili si la kumhukumu mtu juu ya siku zile. Ni somo la maana ya neno. Lakini msomaji asidhani kwamba maana ya neno ni jambo dogo. Mgonjwa asiyejua kama ana malaria au homa nyingine atameza dawa yoyote apewayo. Na raia asiyejua tofauti kati ya amri ya usiku mmoja na sheria ya kijeshi aweza kukubali ya pili akidhani ni ya kwanza.

Kulitenga neno

Yako mambo manne ambayo watu huyaita kwa jina moja, nasi hatuna budi kuyatenga.

Kwanza zipo sheria za majeshi, yaani zile zinazomtawala askari mwenyewe. Askari akilala lindoni au akimtoroka kamanda wake, hushitakiwa mbele ya mahakama ya jeshi. Kwetu mambo hayo yamo katika Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966. Hizo zipo kila siku, hata wakati wa amani, na hazimhusu muuza dagaa wa Kirumba.

Pili ipo hali ya hatari. Hiyo hutangazwa na serikali ya kiraia, kwa mujibu wa katiba, ili ipate nguvu za ziada kwa muda. Rais bado ni Rais, Bunge bado ni Bunge, na hakimu bado yupo kitini pake, ingawa haki fulani za watu hupunguzwa.

Tatu ndiyo sheria ya kijeshi yenyewe. Hapa jeshi huchukua kazi za serikali ya kiraia, ama katika nchi nzima ama katika sehemu yake. Amri ya kamanda huwa ndiyo sheria. Askari hukamata na kupekua, na raia wa kawaida, hata kama ni mkulima au mwalimu, hupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Hii ndiyo alama kubwa ya kuitambulia: tazama ni nani anayemhukumu raia. Ikiwa ni mwanajeshi, basi umo ndani yake, hata kama hakuna aliyeitangaza.

Nne ni serikali ya kijeshi, pale askari wanapoipindua serikali na kukaa Ikulu. Hao aghalabu huja na sheria ya kijeshi mkononi, lakini si lazima mambo haya mawili yaende pamoja. Huko Ufilipino mwaka 1972 aliyetangaza sheria ya kijeshi alikuwa Rais Marcos, aliyechaguliwa kwa kura. Korea ya Kusini vilevile, usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, aliyetangaza alikuwa rais wa kuchaguliwa. Tofauti ni kwamba kule Korea wabunge walikimbilia bungeni usiku ule ule, wengine wakiruka ukuta, wakapiga kura 190 kuikataa, na kabla ya kupambazuka ikawa imekwisha. Ufilipino ilidumu hadi 1981.

Amri ya kutotoka nje usiku ni ndogo kuliko hizo zote. Twaweza kuwa nayo bila sheria ya kijeshi na hata bila hali ya hatari. Oktoba 2025 haikutangazwa hali ya hatari kwa njia ya Katiba. Hivyo kwa maana kamili ya neno, jibu la swali letu ni hapana. Lakini jibu fupi halimfundishi mtu kitu, nasi tunao mfano wa kweli karibu sana, ng'ambo ya ziwa hili hili tunaloliona kila asubuhi.

Uganda, 1971 hadi 1979

Kanisa la Uganda na kanisa letu la huku ni ndugu wa tumbo moja. Wamishenari wa kwanza wa CMS waliokwenda kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877 walipitia mwambao wetu wa kusini, na wawili kati yao waliuawa Ukerewe mwezi Desemba mwaka ule ule. Alexander Mackay, baada ya kufukuzwa Buganda, alifia huku kwetu Usambiro mwaka 1890. Kwa hiyo yaliyowapata wenzetu wa Uganda tusiyasome kama habari za wageni.

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi chini ya Idi Amin liliipindua serikali. Watu wengi wa Kampala walishangilia barabarani. Jambo hili yafaa tulikumbuke, kwa sababu sheria ya kijeshi mara nyingi hupokelewa kwa vigelegele. Watu huwa wamechoka, na askari huahidi kusafisha nyumba na kurudi kambini. Na kwa kweli Amin alianza kwa kuwafungua wafungwa 55 wa kisiasa. Mmoja wao alikuwa Benedicto Kiwanuka, mwanasheria, ambaye baadaye mwaka ule Amin mwenyewe alimfanya Jaji Mkuu.

Bunge likavunjwa, vyama vikasimamishwa, na Amin akaanza kutawala kwa kutoa amri zenye nguvu ya sheria. Natamani kila msomaji azitazame amri chache kati ya hizo, maana ndani yake mambo yote yanaonekana. Amri moja ya 1971 iliwapa askari uwezo wa kumkamata mtu bila hati. Nyingine ya 1972 ilizuia mahakama kutoa nafuu yoyote dhidi ya serikali kwa jambo lililofanywa kwa ajili ya usalama. Nyingine ya 1973 iliziwezesha mahakama za kijeshi kuwahukumu raia. Na mwaka 1975 iliundwa mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, ambamo mfanyabiashara aliyeficha bidhaa au kuuza kwa bei ya juu aliweza kusimamishwa mbele ya maofisa wasiosoma sheria, na kuhukumiwa kifo.

Tazameni mpango wake. Amri ya kwanza inamfungulia askari mlango wa nyumba yako. Ya pili inaufunga mlango wa korti usiende kulalamika. Ya tatu inampa askari yule yule kiti cha hakimu. Baada ya hapo hakuna haja ya kutangaza neno lolote.

Jaji Mkuu Kiwanuka aliendelea kufanya kazi yake kana kwamba sheria bado ipo. Mwezi Septemba 1972 mahakama yake iliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa amezuiliwa na jeshi aachiwe huru. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu ya Kampala, wakamtoa chumbani mwake, wakamtia garini. Hakuonekana tena.

Mtu wa kawaida aweza kusema, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Sivyo. Jaji anapochukuliwa mchana kweupe, hakuna wa kumtetea mwenye duka. Waasia walipewa siku 90 mwaka 1972 kuondoka, na maduka na nyumba zao zikagawiwa, nyingi kwa wanajeshi na jamaa zao. Watu wakawaita hao waliotajirika "mafuta mingi", na kwa muda walionekana wenye bahati. Lakini mali iliyopatikana kwa amri ya askari haina hati isipokuwa askari huyo huyo. Sukari na sabuni zikaadimika, magendo yakashamiri, na ziwani kikawekwa kikosi cha kuzuia magendo chini ya Mwingereza Bob Astles. Mvuvi aliyekuwa akivuka maji bila shaka yoyote akawa mtu wa kushukiwa kwa sababu tu ana mtumbwi. Idadi ya waliouawa katika miaka ile minane haijulikani kwa hakika, na makadirio yatajwayo mara nyingi huanzia 80,000 hadi 300,000 na zaidi.

Askofu Mkuu Janani Luwum

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia katika nyumba ya Askofu Mkuu Luwum huko Namirembe wakidai kutafuta silaha. Walimwekea bunduki tumboni. Hawakupata kitu. Nyumba ya Askofu wa Bukedi nayo ilipekuliwa.

Maaskofu walikutana wakaandika barua kwa Rais. Katika barua hiyo hawakulia juu ya heshima ya askofu kuvunjwa. Walisema kwamba bunduki iliyosukumwa kwenye tumbo la Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo wa kanisa lile, maana ikiwa kiongozi wao hutendewa hivyo, mkulima kijijini ana ulinzi gani? Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sentensi bora iliyopata kuandikwa katika Afrika Mashariki juu ya sheria ya kijeshi, nayo iliandikwa na maaskofu, si na wanasheria.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala. Silaha zilitandazwa mbele ya kundi la askari, watu wakasoma maelezo ya kuwashitaki, na askari walipoulizwa wafanyweje wakapiga kelele kwamba wauawe. Maaskofu wengine waliachiwa waende. Luwum alizuiliwa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari, ati walijaribu kumshinda nguvu dereva. Mwili haukuletwa Namirembe, ambako kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Ulipelekwa kwao Mucwini, huko kaskazini. Jumapili iliyofuata waumini walikusanyika Namirembe kandokando ya kaburi tupu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye wazee wetu wengi walimjua kama mwalimu kule Dodoma, alivuka mpaka kwa miguu usiku.

Na huku kwetu, mwezi ule ule karibu

Sasa nataka tulinganishe na jambo la nyumbani, ambalo hatupendi kulitaja. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na mauaji mengi ya vikongwe na wengine walioshukiwa uchawi. Serikali ikafanya operesheni, watu wengi wakakamatwa, na baadhi yao walikufa mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama kwa kuteswa. Tusijidanganye kwamba mateso hufanywa na wanajeshi wa nchi nyingine tu. Na siku zile tulikuwa na sheria ya 1962 iliyomruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha kortini, jambo ambalo lilifungua njia kwa mengi.

Lakini angalieni kilichofuata. Mwezi Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Viongozi wengine nao walijiuzulu. Maofisa waliohusika walishitakiwa katika mahakama za kawaida, mbele ya jaji wa kiraia, wakahukumiwa kifungo. Hayo hayawarudishi waliokufa. Lakini kujiuzulu huko kulifanyika majuma machache tu kabla ya Luwum kuuawa ng'ambo ya ziwa. Ubaya ulikuwapo pande zote mbili za maji. Upande mmoja palikuwa na hakimu aliyeweza kuusikia, na upande wa pili hakimu alikuwa ametiwa garini miaka minne na nusu kabla.

Tena vita vilipokuja, jeshi la Amin likauteka mwambao wa kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuvunja daraja la Kyaka. Malori ya watu na ya mashirika yalichukuliwa kwa kazi ya vita, mgambo waliitwa, na mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya iliishambulia Mwanza. Ililenga matangi ya mafuta, ikakosea, ikapiga kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Vita vilitufikia hasa. Hata hivyo hatukuwekwa chini ya sheria ya kijeshi. Aliyeiba kuku Igoma mwaka 1979 alihukumiwa na hakimu wa mwanzo, kama kawaida. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba nchi ikiwa hatarini haina njia nyingine isipokuwa kuwapa askari mahakama, mkumbushe mwaka ule.

Katiba yetu yasemaje

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haina ibara ya sheria ya kijeshi. Inayo Ibara ya 32, juu ya hali ya hatari. Rais aweza kuitangaza katika nchi nzima au sehemu yake, ikiwa kuna vita, hatari ya kuvamiwa, kuvunjika kwa amani kusikoweza kuzuiwa kwa njia za kawaida, au janga kubwa. Lakini nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, na Bunge huitishwa ndani ya siku 14. Bila theluthi mbili ya wabunge wote kuliunga mkono, tangazo hufa. Likiungwa mkono hudumu miezi sita, na kuongezwa kwake kwahitaji theluthi mbili tena. Ibara ya 31 yaongeza kwamba hata wakati huo hatua zinazochukuliwa ziwe za lazima na za halali, na haimruhusu mtu yeyote kuuondoa uhai wa mwingine isipokuwa kifo kitokanacho na vitendo vya vita.

Jirani yetu Kongo alichagua njia nyingine. Tangu tarehe 6 Mei 2021 mikoa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri iliwekwa chini ya magavana wa kijeshi, na mahakama za kijeshi zikapewa kesi za jinai za raia. Kusudi lilikuwa kuwashinda waasi upesi. Muda wa mwanzo ulikuwa siku 30, kisha ukawa unaongezwa siku 15, siku 15, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 30 Agosti 2023 askari wa serikali waliua watu zaidi ya 50 mjini Goma katika maandamano, na Januari 2025 mji huo ukachukuliwa na waasi wa M23. Na Uganda ya leo bado yabishana: Mahakama ya Juu ilitamka tarehe 31 Januari 2025 kwamba si halali raia kuhukumiwa na mahakama za kijeshi, na kabla ya nusu ya mwaka Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuruhusu jambo hilo tena.

Paulo ndani ya ngome

Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 21 hadi 25. Wengi huzisoma kama habari za safari. Mimi naziona kuwa ni somo zima la jambo hili.

Paulo alikamatwa na askari, akaingizwa ngomeni, na jemadari akaamuru ahojiwe kwa kupigwa mijeledi. Paulo hakusema kwamba Mkristo hupokea kila kitu kwa kimya. Aliuliza swali la sheria: je, ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa? Na jemadari akaogopa. Halafu, aliposikia kuna njama ya kumwua, alitoa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, watu 470 kwa jumla, wamsindikize mfungwa mmoja usiku hadi kwa liwali Kaisaria. Jeshi la kipagani lilitumia nguvu zake kumpeleka mtu kwa hakimu. Huko Kampala nguvu za jeshi zilitumika kumwondoa hakimu. Na Festo, ambaye hakuwa mtu mwema sana, alijua kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajaonana uso kwa uso na wanaomshitaki.

Basi anayetumia Warumi 13 kutuambia tunyamaze, asome na Matendo 25. Aliyeandika kwamba mamlaka yametoka kwa Mungu ndiye aliyekata rufani kwa Kaisari.

Mambo ya kufaa nyumbani

Akina mama wa Umoja wameniomba niandike mambo machache ya kufaa. Katika nchi yetu mtu aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Ndugu zake wasikae nyumbani wakingoja. Waende kituoni siku ile ile, waulize jina la kosa na jina la ofisa, waandike saa na tarehe. Wasiende mmoja mmoja. Wamwombe mchungaji au mwenyekiti wa mtaa afuatane nao. Ikiwa hapatikani kabisa, mwanasheria aweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake. Ndiyo amri ile ile iliyomgharimu Kiwanuka maisha yake, nayo kwetu ingalipo. Na amri ya kutotoka nje ikitangazwa, itiini, lakini sikilizeni imetolewa na nani, mahali gani, na inaisha lini.

Maswali ya vikundi

1. Someni Matendo 22:24–29. Paulo angalifanya nini kama hangalikuwa Mrumi? Ni nani katika mtaa wetu asiye na "uraia" wa kumwogopesha jemadari?

2. Wengi walimshangilia Amin mwaka 1971. Ni mambo gani yawezayo kutufanya sisi tushangilie?

3. Vikongwe wa Usukuma waliuawa na majirani zao, siyo na serikali. Je, operesheni ya 1976 ilikuwa na sababu? Ingalifanywaje kwa haki?

4. Kanisa la Uganda humkumbuka Luwum kila tarehe 16 Februari, na tangu 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa kule. Je, sisi tumkumbuke katika parokia hii? Katibu wa kikundi aandike maoni na kuyaleta kwa Mchungaji kabla ya mwisho wa mwezi.